Somo: Ishara za tamaa na mapenzi katika "The Rocking-Horse Winner"

Hadithi ni ya D. H. Lawrence, Mwingereza, ya mwaka 1926. Isomeni yote kwanza, ndipo mrudi hapa.

Hatua ya 1. Orodhesha vitu, si dhamira. Nyumba inayonong'ona kwamba pesa zaidi lazima zipatikane, farasi wa mbao, mjeledi, macho ya mtoto Paul, moyo wa mama yake. Wengi wenu wa hapa Mwanza mnaanza na "dhamira ni tamaa" kisha ndipo mnatafuta ushahidi. Huko ni kuvua sato aliyekwisha kaangwa.

Hatua ya 2. Tenga kiashiria (kile kinachoonekana au kusikika) na kiashiriwa (maana inayobebwa), kama alivyofundisha mwanaisimu Ferdinand de Saussure. Hapa msikimbie. Farasi ni kiashiria; kinaashiria nini, na kwa nani? Kwa wakubwa ni mchezo wa mtoto. Kwa Paul ni chombo cha kumfikisha palipo na bahati, kwa sababu mama kamwambia hawana pesa kwa kuwa baba hana bahati. Mtoto anampenda mama, tamaa ni ya nyumba, na vyote viwili vimepanda farasi mmoja, tena farasi anayekimbia bila kutoka chumbani. Tazameni na nyumba. Kwa pesa alizoshinda kwenye kamari ya mbio za farasi, Paul anamtengea mama pauni 5,000 kwa siri, apewe elfu moja kila siku yake ya kuzaliwa. Mama anazitaka zote kwa mkupuo. Zinapotoka, minong'ono inazidi.

Hatua ya 3. Fuatilia ishara moja mpaka mwisho. Moyo wa mama unatosha: mwanzoni una sehemu ngumu, mwishoni ni jiwe.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Bassett, mtunza bustani, naye ni ishara?
– Marahaba. Ndiyo. Anaongelea mbio za farasi kwa uzito wa mtu anayeongelea dini. Ibada imehamia kwenye kamari.

Mwalimu, hii si habari ya mikeka tu? Huku Kirumba vijana wanabeti kila siku.
– Mkeka upo, ndugu yangu. Ila anayebeti Kirumba anataka hela. Paul anataka sauti inyamaze. Ukiishia kwenye mkeka, umemwacha mama nje.

Na zile pauni zaidi ya 80,000 alizoshinda Paul, zinazotajwa mwishoni?
– Mjomba Oscar anazitaja pamoja na kifo cha mtoto, kama mapato na matumizi. Mama hajibu neno. Andikeni aya moja juu ya ukimya huo. Ndiyo nitakayosahihisha kwanza.