Somo: Njia ya kuwa fundi wa kompyuta za ofisini, kwa mlioko Mwanza na kandokando ya ziwa

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi huniuliza: mtoto anapenda kompyuta, asome nini? Mimi nawaambia ufundi huu, wa kuhakikisha kompyuta, printa na mtandao wa ofisi havikwamishi watu. Kazi ipo, na unaweza kuianza bila digrii.

Hatua ya 1: Kagua chuo kabla ya kulipa ada. Kwenye tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, angalia usajili wa chuo, kisha kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Ni vitu viwili tofauti. Halafu nenda ukaombe kuona karakana. Kama kompyuta zimefunikwa vitambaa na wanafunzi wananakili ubaoni, tafuta kwingine.

Hatua ya 2: Elewa ngazi za mafunzo ya ufundi, zinazoitwa NTA. NTA 4 ni cheti cha msingi, 5 ni cheti, 6 ni stashahada, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. Kuingia NTA 4 unahitaji ufaulu wa angalau masomo 4, kuanzia D, bila kuhesabu ya dini.

Hatua ya 3: Jifunze kutafuta tatizo. Hapa naomba mtulie, kwa sababu ndipo fundi anapopatikana. Mtu akisema kompyuta haiwaki, bisibisi ikae kwanza. Muulize iliwaka lini mara ya mwisho, na kama umeme ulikatika. Anzia nje: soketi, waya, chaja, skrini. Ndipo uchomoe umeme, ufungue, utoe RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda), uisafishe miguu na kuirudisha. Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua kibovu kilikuwa kipi. Na usipige windo (kuweka upya Windows, programu inayoendesha kompyuta) kabla ya kutoa bekapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili! Hesabu za SACCOS ya wavuvi zikifutika, hakuna samahani itakayozirudisha.

Kila tatizo liandike daftarini: dalili, ulichojaribu, kilichosaidia. Nikimsaili kijana, daftari hilo nalisoma kabla ya vyeti.

Hatua ya 4: Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Omba penye watumiaji wengi, kama hospitali, halmashauri au kiwanda cha samaki. Wakikuweka kwenye fotokopi tu, mwambie msimamizi wako mapema.

Baadaye unaweza kuwa fundi wa dawati la msaada, wa mtandao, au kufungua ofisi yako. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Wenye ofisi wanahitaji mtu wa kuwashauri kwa uaminifu.

MASWALI

Mkuu, nina D tatu. Ndiyo basi tena?
Hapana, mdogo wangu. Rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au nenda VETA, chuo cha ufundi stadi, pale Nyakato uulize kozi zao na sifa za kujiunga.

Shikamoo kaka. Niko Sengerema, naweza kusoma Mwanza nikienda na kurudi?
Marahaba. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, kwa hiyo inawezekana. Ila piga hesabu ya nauli ya mwezi, uilinganishe na kodi ya chumba karibu na chuo.

Kile cheti cha kimataifa cha ufundi wa kompyuta, CompTIA A+, ni lazima?
Si lazima. Ina mitihani 2 na cheti chake hudumu miaka 3, kwa hiyo maliza stashahada kwanza, uifanye ukikaribia kuomba kazi.