Gitaa la mninga: nta, shelaki au vanishi?

Tabora nta ya nyuki haikosekani, ndiyo maana wengi wakimaliza kuunda gitaa hukimbilia nta. Mkononi ni tamu, lakini peke yake haizuii jasho wala unyevu wa masika. Tena ukishaipaka, kitu kingine hakishiki juu yake. Iwe ya mwisho.

Kwanza uso, yaani ubao wa mbele, maana ndio unaotoa sauti. Ukiuvisha kitu kizito, sauti inafifia. Mimi hapo ni shelaki tu, yaani utomvu mkavu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti na kupakwa.

1. Piga msasa namba 120, 180, kisha 220, ukifuata mistari ya mbao. Futa vumbi lote.

2. Loweka gramu 30 za magamba ya shelaki kwenye robo lita ya spiriti, ndani ya chupa ya kioo. Kesho yake chuja. Jiko la mkaa likae mbali.

3. Jaribu kwenye kipande kilichobaki cha mbao ileile. Usiruke hapa: mninga ukilowa hubadilika rangi kuliko unavyodhani.

4. Funga pamba ndani ya kitambaa cha pamba kisichotoa manyoya, ichovye, kisha ibonyeze kwenye karatasi. Ikiacha alama ya unyevu bila kudondosha, iko tayari. Pitisha mara moja, usirudie palepale kabla hapajakauka. Kitambaa kitakwama na kung'oa ulichopaka. Matabaka mengi membamba ndiyo yanayong'aa.

5. Shingo ipate shelaki kidogo, halafu nta. Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Ubao wa vidole ukiwa wa mpingo, uache bila vanishi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Niko Ujiji. Shelaki yangu ikikauka inaweka weupe kama ukungu.*

Marahaba. Hapo ni unyevu, wa hewa au wa spiriti iliyoachwa wazi. Subiri siku kavu, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana. Mara nyingi weupe unaondoka.

*Imepita wiki, bado inanata.*

Shelaki imezeeka. Ifute kwa spiriti, changanya mpya.

*Kaka, vanishi ya milango si ngumu zaidi?*

Ngumu ndiyo, na mgongoni na mbavuni sina ugomvi nayo. Usoni hapana.

*Na zeze langu la ngozi?*

Paka mti tu. Ngozi usiiguse.