Kamba, pingu na kifafa: namna ya kucheza BDSM bila kuweka roho rehani

BDSM ni michezo ya mapenzi ya kufungana, kuamrishana na kuumizana kwa ridhaa. Mwongozo huu ni wa watu wazima waliokubaliana, ambao mmoja wao ana kifafa. Nyumbani kwetu mwenye kifafa ni mimi, na anayefungwa ni mimi pia. Karibu kila ushauri wa usalama kwenye mchezo huu unategemea kwamba aliyefungwa ataweza kusema “simama”. Kifafa kinaondoa uwezo huo huo. Kwa hiyo breki lazima itoke kinywani mwa anayefungwa na iwe mikononi mwa anayefunga.

Hatua ya 1: Mweleze mwenzako kifafa chako wewe

Kuna anayeanguka na kutetemeka mwili mzima, kuna anayekodoa macho kwa sekunde chache, kuna anayebaki amekaa akitafuna midomo huku hasikii lolote. Andika chako kinavyoanza, kinavyokaa, na unavyokuwa baadaye. Changu huanza na kitu kinachopanda kutoka tumboni hadi kooni. Nikikisikia tu nasema, na kamba inatoka. Wengine hawapati dalili yoyote. Kama kuna ndugu aliyekuona ukishikwa, muulize yeye, maana wewe hukuwepo.

Muulize mwenzako naye alifundishwa nini utotoni. Wengi wetu tuliambiwa kwamba mate ya mgonjwa wa kifafa yanaambukiza, au kwamba ni lazima umtie kijiko mdomoni. Yote mawili si kweli, na mtu anayeogopa mate yako atasita pale pale unapohitaji mkono wake.

Hatua ya 2: Kagua siku yenyewe

Umelala vya kutosha? Umemeza dawa kwa wakati? Una homa? Umekunywa pombe? Kukosa usingizi na kuruka dozi ni vichochezi vikubwa, na baadhi ya wanawake hushikwa zaidi karibu na siku zao. Jibu likiwa baya, ahirisheni.

Halafu kuna tramadoli, dawa ya kutuliza maumivu. Kuna wanaume huimeza ili wachelewe kufika kileleni, wala hawasemi. Dawa hiyo inaweza kuleta mshtuko wa kifafa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua. Mwenye kifafa asiiguse kwa ajili ya kitanda.

Hatua ya 3: Futa haya kabisa

Kukaba shingo na kuziba pumzi. Ubongo ukikosa oksijeni unaweza kupata mshtuko wenyewe, na kukaba kunaua hata wazima. Sijaona namna salama ya kukaba.

Kuning'inizwa juu. Kufungwa ukiwa umesimama peke yako. Kuwa ndani ya beseni la maji. Kuzibwa mdomo: taya hujibana, mate na matapishi hukosa pa kutokea. Umeme karibu na kichwa, shingo au kifua. Na kama umepandikizwa kifuani kifaa kinachosisimua neva ya vagasi ili kupunguza kifafa, weka mbali umeme wote na sumaku zenye nguvu.

Taa za kumetameta huwasumbua takriban watu 3 tu kati ya 100 wenye kifafa, kwa hiyo huenda si tatizo lako. Kuhema haraka haraka kwa makusudi ni jambo jingine: wapimaji wa mawimbi ya ubongo humwambia mgonjwa ahemee hivyo kwa dakika 3 hivi ili kuona kama kifafa kitajitokeza. Msifanye jaribio hilo chumbani.

Hatua ya 4: Funga kwa namna ya kufungua

Misuli ikikaza wakati mikono imefungwa, kitu kinaweza kuvunjika au bega kuteguka. Kwa hiyo msifunge mikono yote miwili kitandani, wala mikono nyuma ya mgongo. Sisi hutumia vifungo vya velkro, yaani vya kunata na kubandua, au fundo linaloachia ukivuta ncha moja. Pingu za chuma zenye ufunguo tumezitupa. Mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu, uwe mahali anapoufikia anayefunga bila kuinuka. Fanyeni mazoezi mkiwa na nguo, taa zimewashwa, saa mkononi: kama kufungua kila kitu kunazidi sekunde 10, rahisisheni.

Usimlaze aliyefungwa kifudifudi. Usimfunike macho pia, kwa sababu macho ndiyo hukupa habari ya kwanza. Hili la macho liliniuma, nilikuwa nalipenda.

Hatua ya 5: Uliza swali linalohitaji jibu

Hapa ndipo watu wenye uzoefu hupotea. Kuna ile hali ya aliyefungwa kuzama ndani ya mchezo: mwili umelegea, maneno yamepungua, macho mazito. Kwa nje inafanana mno na kifafa kisicho na mtetemeko. Aliyezama hujibu, hata kama ni polepole. Aliyeshikwa hajibu, au anajibu kisichohusiana; anatafuna midomo, vidole vinachezea shuka, kichwa kinageukia upande mmoja, mkono mmoja unakakamaa.

Usiulize “Uko sawa?” kwa sababu “mm” inaweza kutoka yenyewe. Uliza “Leo siku gani?” au sema “Nionyeshe vidole viwili.” Uliza kila baada ya dakika chache. Ukikosa jibu mara mbili, fungua. Ukimya uhesabiwe kuwa ni “simama”. Ule ujanja wa kushika mpira ili uuangushe kama ishara usiutegemee peke yake, maana kifafa huweza kuufumba mkono.

Hatua ya 6: Ikitokea

Tazama saa. Fungua au kata, ukianza na kilicho karibu na shingo na kifua. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimbane, usimtie kitu mdomoni. Mtetemeko ukiisha, mlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, au wa pili ukija kabla hajapata fahamu, au hapumui vizuri, piga 112. Gari la wagonjwa likichelewa, kama ilivyo kawaida miji mingi, mpigie dereva wa teksi ambaye namba yake mliihifadhi mapema, bodaboda haifai. Kama daktari alikupa diazepamu au midazolamu, dawa za dharura za kukatisha kifafa, mkubaliane kabla nani ataitoa na lini. Waambie wahudumu ana kifafa na kimechukua dakika ngapi. Nguo na kamba hazina umuhimu wakati huo.

Hatua ya 7: Baadaye

Mchezo umekwisha kwa siku hiyo, hata akisema yuko tayari. Akili iliyotoka kwenye kifafa inaweza kuchanganyikiwa kwa dakika au saa kadhaa, na ridhaa yake haihesabiki.

Michubuko ikiwa mingi kuliko kawaida, mwambie daktari: dawa ya kifafa iitwayo valproeti inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu. Dawa nyingine za kifafa, fenobarbitoni, fenitoini na kabamazepini, hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na zikitumiwa miaka mingi hudhoofisha mifupa, kwa hiyo mapigo yaende kwenye nyama ya makalio tu.

Na kama mwenye kifafa ndiye anayefunga? Basi mwenzake asifungwe kifungo ambacho hawezi kukifungua mwenyewe, na simu iwe karibu na mkono wake.