Somo: saizi ya maandishi kwenye tovuti ili na wazee wasome

Wakuu, wengi humu mnatengeneza tovuti za wafanyabiashara wa hapa Mwanza, na wateja wa sato na dagaa wengi ni watu wazima. Mtu akishavuka miaka 40 jicho linaanza kugoma vya karibu, utamuona anaisogeza simu mbali mpaka mkono unaisha. Usimcheke, na wewe unakuja huko.

Hatua ya 1. Pikseli 16 ndo saizi brauza nyingi zinakuja nayo, ichukulie kama sakafu. Kwa wazee mi naanzia 18 mpaka 20, bei na namba ya simu naongeza kidogo. Habari za 12 eti ipendeze, achana nazo.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe. Andika saizi kwa rem (kipimo kinachofuata saizi ya herufi iliyowekwa kwenye brauza), sio px (pikseli). Mzee (au mjukuu wake) akiingia setingi za brauza akapandisha herufi toka 16 kwenda 20, ulichoandika kwa px kinabaki palepale hakitikisiki, ila 1.125rem ambayo kikawaida ni 18 inapanda yenyewe hadi 22.5. Na kule kwenye tagi ya html, ile inayobeba ukurasa mzima, usiweke font-size: 16px, utakuwa umeua kila kitu, acha 100%.

Hatua ya 3. Kwenye mstari wa viewport (ule wa meta unaoiambia simu ukurasa ukae vipi kwenye kioo) ukikuta user-scalable=no au maximum-scale=1 futa fasta, inaweza kumzuia mtu asikuze kwa vidole.

Hatua ya 4. Nafasi ya mistari iwe mara 1.5 ya saizi ya herufi. Rangi sasa, madizaina mnapenda kijivu mpauko! WCAG (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na kila mtu) wanataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma uwe 4.5 kwa 1, maandishi ya saizi kubwa 3 kwa 1, na kijivu cha #999 juu ya nyeupe kinatoa 2.85 tu.

Hatua ya 5. Nenda mwaloni Kirumba saa saba mchana, jua linawaka, mwangaza mwingine unarudi toka ziwani, mwombe mama wa dagaa afungue tovuti kwenye simu yake mwenyewe, ile yenye kioo cha mikwaruzo. Usimuulize kama anaona, atakujibu "naona mwanangu" ili asikuvunje moyo. Mwambie akusomee bei.

MASWALI

– Mkuu nikiweka 20 menyu inavunjika kwenye simu ndogo.
Menyu sio lazima iwe 20. Ila usifunge urefu wa boksi kwa px, iache ishuke mstari wa pili. Kuza mpaka asilimia 200 uone kama kuna kitu kinapotea.

– Mbona kwenye iPhone nikigusa fomu ukurasa unajikuza wenyewe?
Maandishi ya kwenye fomu yako chini ya 16. Pandisha.

– Bosi wangu anasema herufi kubwa ni ushamba, nifanyeje?
Ana miaka mingapi?

– Kama 30 hivi.
Mwambie amtumie mama yake linki, afu ampigie amsomee bei ya sangara. Akimaliza ndo mrudi mezani.