Kabla ushirika wenu haujanunua programu ya kusimamia hatari

Programu ya kusimamia hatari huweka hatari zote za shirika mahali pamoja, huzipa alama, na humkumbusha aliyekabidhiwa kila moja kwamba siku ya kuikagua imefika. Haijui Mto Nyando, kule Kisumu nchini Kenya, huvunja kingo wapi. Hilo mnalijua nyinyi, na mkiliingiza vibaya itapiga hesabu safi juu ya jambo lisilo kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita muuzaji, anzeni na daftari. Wakae wanabodi, meneja, mhasibu na keshia wa kila tawi, waandike hatari kwa sentensi kamili. "Mafuriko" peke yake haitoshi. Andikeni hivi: Nyando ikifurika wakati wa masika na kufunga njia za Ahero, wakulima hawataufikisha mpunga ghalani na marejesho ya mikopo yatachelewa. Hapo pana chanzo, tukio na hasara, na programu itaviulizia vyote vitatu.

Kisha mkubaliane maana ya namba, na hapa nawasihi msiharakishe. Programu nyingi hutumia jedwali la tano kwa tano: uwezekano 1 hadi 5 unazidishwa kwa athari 1 hadi 5, alama ya juu kabisa ikiwa 25. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, keshia wa Ahero aliyapa mafuriko uwezekano wa 5. Mhasibu wa Kisumu mjini akasema 2, kwa kuwa maji hayajawahi kufika mlangoni pake. Mtu akapendekeza wagawanye katikati. Tulikataa, tukamwomba keshia ahesabu misimu ambayo tawi lilifungwa. Akahesabu kwa vidole: 2018, 2020, 2024. Ndipo ikaandikwa kwamba 5 ni jambo la kila mwaka, 4 ni la kila miaka miwili au mitatu, na kuendelea hadi 1. Mafuriko yakapata 4 na hakuna aliyebisha tena. Athari nazo zipimwe hivyo hivyo, kwa siku za kufunga tawi au kwa shilingi.

Kuzidisha kuna mtego wake. Tukio la nadra linaloweza kuua ushirika ni 1 mara 5; usumbufu mdogo wa kila wiki ni 5 mara 1. Yote mawili yanapata 5, na kwenye skrini yanaweza kuonekana sawa. Ombeni programu inayowaruhusu kupanga orodha kwa athari pekee.

Kila hatari iwe na jina la mtu mmoja. Ukiandika "uongozi", ukumbusho hauna wa kumfikia.

Taarifa za wanachama zina sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, mnatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipofahamu. Anayewahifadhia data naye anatakiwa kuwaarifu nyinyi bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Hilo liwe ndani ya mkataba. Liwemo pia kwamba mnaweza kupakua daftari lenu lote katika jedwali la kawaida siku mkiamua kuhama, bila kulipishwa. Lijaribuni wakati wa majaribio, kabla ya kutia sahihi.

La mwisho nalishikilia kuliko yote. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Programu iliyoko mtandaoni inaweza kupotea siku ile ile mnayoihitaji. Chagueni asubuhi moja mzime intaneti ofisini, muone kama kila mtu anajua la kufanya na wa kumpigia. Hatua za hatari zenu kumi kubwa zichapishwe pamoja na namba za simu, na zichapishwe upya kila robo mwaka. Nakala ya kwanza apelekewe keshia wa Ahero.