Tairi za mchuma wa zamani: "inaingia" sio sawa na "inafaa"

Ukienda Gerezani, kwenye maduka ya spea pale Dar, kuulizia tairi za kigari cha michezo cha miaka ya 70 utapata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atakwambia "bosi, saizi hiyo ilishakufa", wa pili atakwambia "leta gari, hii inaingia", na huyu wa pili ndo wa kumwogopa maana kweli inaingia, ataivalisha mbele yako, atajaza upepo, utatoka hapo unacheka, kilio kinakuja baadae.

Mimi naongelea Datsun 240Z, tuliyoachiwa na marehemu baba mdogo, ndugu yake zile zilizobeba Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani, ndo maana wazee wa mjini wakiiona wanasimama kabisa. Ila kama una MGB au Celica ya kizamani endelea kusoma, hesabu ni zile zile unabadilisha namba tu.

Kitu cha kwanza usiangalie tairi zilizopo kwenye gari sasa hivi, hizo zimeshabadilishwa na mafundi kumi kabla yako. Tafuta saizi ya kiwandani, kwenye kitabu cha gari au kwa watu wenye gari kama hiyo. Ya 240Z ni 175HR14. Hapo 175 ni upana kwa milimita, H ni spidi ambayo tairi inaihimili, kilomita 210 kwa saa, R ni radiali, 14 ni inchi za rimu. Sasa urefu wa ubavu uko wapi? Haujaandikwa! Enzi hizo ukiona hakuna namba ya pili ujue ubavu ni kama asilimia 80 ya upana, na hapa ndo wengi tunapotelea, mtu anaona 175 na 14 anachukua 175/65R14 za vigari vidogo vya mjini akijua amepatia.

Piga hesabu mwenyewe, kalkuleta ya simu inatosha. Upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha rimu mara 25.4. Ya kiwandani inakuja karibu milimita 636 toka chini hadi juu. Ile 175/65R14 inakuja 583. Yani umeikata gari miguu kwa zaidi ya sentimita 5, mita inasoma 100 wewe uko 92, injini inalia bure kwenye spidi ndogo, na tumbo limeshuka kama sentimita 2 na nusu, sasa nenda kapande matuta ya mtaani kwetu na hilo bomba la ekzosi uone. Mimi nakubali tofauti ya asilimia 3 hivi, ikizidi hapo naiacha dukani hata kama wananipa nusu bei.

Zinazokubali ni hizi. 195/70R14 inakuja 629, iko karibu kabisa, na wenye 240Z wengi huko duniani ndo wanapoishia. Lakini pima rimu kwanza, zile za chuma za mwanzo ni nyembamba, inchi 4 na nusu, na 195/70 inataka kuanzia inchi 5, ukiilazimisha inabinuka katikati kama mkate wa ajemi na kwenye kona inayumba. Kama bado una rimu za mwanzo chukua 185/70R14, ni fupi kidogo, 615, inavumilika. Ya tatu ni 195/65R15, 634 na ushee, hii mtoto wa mjini, Noah na Wish wanavaa, duka gani haina? Shida yake utatafuta rimu za 15 zenye matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 114.3, na usichukue za gari za kisasa za kuvutwa mbele kwa sababu zimetengenezwa kukaa ndani mno, tairi itasugua shokapu hata kama nati zimefunga vizuri.

Kama mfuko unaruhusu kuna tairi mpya za saizi na sura ya zamani, Michelin bado wanatoa XAS na Pirelli wanatoa Cinturato, unaagiza nje, ukiweka usafiri na ushuru bei inauma. Kwa gari ya maonyesho sawa. Kwa gari inayopita Tabata masika, aaah.

Kuna mtego mmoja nataka niuseme kwa nguvu. Utapewa tairi za Hiace, zile zenye C mwisho kama 185R14C, muuzaji atakwambia hizi ngumu hazipati pancha, na kwa urefu zinakaribiana kweli. Zimetengenezwa kubeba abiria na mizigo. 240Z ina kama tani moja tu, ubavu wa tairi ile hautalegea hata kidogo, utaruka kama mpira kwenye kila kiraka cha lami na mvua ikinyesha unateleza. Gari hizi zilisukwa pamoja na tairi ndefu, nyembamba, laini, ubavu ndo nusu ya springi, na likianza kuteleza linakuambia mapema. Hiyo hiyo ndo sababu sishauri mapana ya 225 na ubavu mwembamba, usukani hauna pawa, utapaki Kariakoo huku mishipa ya shingo imesimama.

Haya, tarehe. Hapa ndo mimi nilipochapwa. Mwaka 2021 nilinunua mtumba mbili za nyuma, kashata (yale meno ya tairi) nzima, nyeusi zimepakwa zile dawa za kung'aa, mtu akaniapia za Japani. Wiki mbili mbele niko Bagamoyo Road nimeshapita Bunju, saa saba mchana, jua la kuchoma mayai, nasikia pa-pa-pa nyuma, ngozi ya tairi imebanduka yote ikapasua madigadi. Tairi ambazo hazikuwa na kipara hata kidogo! Nimekaa kivulini nangoja breakdown ndo naangalia ubavuni nakuta 2309, yani wiki ya 23 ya 2009. Miaka 12. Rangi ya madigadi ilinigharimu kuliko tairi nne mpya.

Kwahiyo tafuta neno DOT ubavuni, fuata mstari hadi namba nne za mwisho, mbili za wiki mbili za mwaka, ukikuta tatu tu weka chini uondoke, hiyo ni ya kabla ya 2000. Pengine zipo upande mmoja tu wa tairi, mwambie aligeuze, akianza ukali umeshapata jibu. Gari zetu hizi zinatembea Jumapili kwa Jumapili, kashata hazitaisha kamwe, mpira unazeeka kwa jua na joto. Mimi miaka 6 naanza kukagua nyufa kila mwezi, 10 natoa bila mjadala.

Spidi nimeshasema, H inatosha, T ni 190, kwa barabara zetu inatosha pia ukiwa mkweli na nafsi yako. Uzito, gari nyepesi hii, ile namba ya uzito ubavuni ikiwa 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, umevuka mbali. Nunua nne zinazofanana, na usichanganye radiali na zile za zamani za nyuzi za kukatiza, gari itakuwa na akili mbili kwenye kona. Wenye MGB za rimu za spoku kumbukeni tyubu, upepo unatokea kwenye spoku.

Upepo pima asubuhi gari ikiwa baridi, mimi naweka psi 28 mbele na nyuma, na usimwachie fundi pancha maana yeye kila gari ni 40. Siku za mwanzo nenda taratibu, mpira mpya unateleza mpaka utando wa juu uishe, na ukishatembea kama kilomita 100 kaza nati tena.

Ah, na spea. Shimo la spea la 240Z lipo chini ya sakafu ya buti na limepimwa kwa tairi nyembamba, kabla hujalipa chukua moja ukajaribu kuilaza mle, nilisahau hilo na yangu sasa inasafiri juu, imefungwa kamba, nyuma ya kichwa cha mke wangu, na kila tuta ananikumbusha.