Kulinda betri na jenereta ya Ford Model T: katauti, diodi na fyuzi

Ford Model T zenye stata, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1919, zina betri ya volti 6 (hasi kwenye bodi) na jenereta ya brashi tatu (vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka). Hazina regulita (kifaa cha kudhibiti volti) wala fyuzi. Brashi ya tatu ndiyo inayopanga ampea. Volti inashikiliwa na betri yenyewe. Waya wa betri ukikatika injini ikiwa inazunguka, volti hupanda, balbu huungua, koili za jenereta nazo hufuata. Ndiyo maana fyuzi iliyowekwa ovyo katika gari hili huua kile iliyowekwa kukilinda: ikikatika, huitenga betri na jenereta.

Anza na katauti, swichi ya kujiendesha iliyo juu ya jenereta. Kazi yake ni kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye jenereta injini ikizimwa. Pointi zake hugandana. Injini ikiwa imezimwa na taa hazijawashwa, ammita (kipima ampea) isome sifuri. Mshale ukilala sana upande wa kutoa, fungua kichwa cha betri mara moja, uulize maswali baadaye.

Badala ya pointi unaweza kuweka diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya aina ya Schottky, ya ampea 30, volti 45. Kwa ampea 10 hula takriban volti 0.5, yaani wati 5 za joto. Diodi ya kawaida ya silikoni hula karibu mara mbili. Anodi (upande wa kuingilia umeme) ielekee jenereta, katodi (upande wa kutokea) betri. Ifunge kwenye bamba la alumini, lakini weka karatasi ya maika (isiyopitisha umeme) na bushi ya plastiki kwenye skrubu: mgongo wa diodi nyingi za aina hii ni katodi, na ukigusa bodi umepiga betri shoti.

Jenereta iliyofunguliwa huhitaji kupewa sumaku upya. Injini ikiwa imezimwa, gusisha waya kati ya upande wa betri na upande wa jenereta kwa sekunde moja, ukiiruka diodi, kwa kuwa diodi hairuhusu umeme kurudi.

Sasa fyuzi. Ya kwanza iwe ya fildi (koili zinazotengeneza sumaku ndani ya jenereta): kata waya kati ya brashi ya tatu na koili za fildi, pima mkondo wake chaji ikiwa ya juu kabisa, kisha chagua fyuzi inayozidi kipimo hicho kidogo tu. Betri ikijitoa, mkondo wa fildi hupanda, fyuzi hukatika na jenereta hunyamaza. Hapo ndipo unapoweza kuongeza fyuzi ya ampea 30 kwenye waya unaotoka swichi ya stata kwenda kwenye taa. Kebo nene ya stata isipite kwenye fyuzi yoyote.

Kupanga chaji: isogeze brashi ya tatu upande inakozunguka amecha (sehemu ya jenereta inayozunguka) ili kuongeza, kinyume chake kupunguza. Chaji huanza karibu kilomita 16 kwa saa kwenye gia ya juu na hufika kileleni karibu 32. Gari la safari za mchana tu linatosheka na ampea 5. La usiku 8 hadi 10. Zaidi ya hapo maji ya betri huchemka.

Ukilazimika kuwasha injini bila betri, unganisha teminali ya jenereta na bodi kwa waya mfupi. Uondoe kabla ya kurudisha betri.